Kwepena na Miwani

Bwana Mhariri ameniomba niandike juu ya michezo ya shule, akitumaini, nadhani, ya kuwa nitaleta hesabu ya mabao na majina ya waliofunga. Hesabu hizo zimebandikwa ukutani kando ya bwalo, na kila mtu amekwisha kuzisoma. Mimi nitaeleza habari nyingine, ambayo sehemu yake hainipi sifa.

Katika muhula wa kwanza nilichaguliwa kuwa kiranja wa michezo. Nina miaka 19, nipo kidato cha sita, na tangu kidato cha pili nimechezea timu ya shule katika mpira wa miguu. Kwa hiyo nilidhani ya kuwa kazi hii na mimi ni chanda na pete.

Ninyi ndugu zetu mliotoka hapa zamani, huenda baadhi yenu hamjasikia ya kuwa mambo yamegeuka. Mtaala mpya wa vidato vya chini ulipoanza mwaka 2020, mazoezi ya viungo yalifanywa somo la lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili, na Kiswahili nacho vivyo hivyo. Si jambo la jioni tena, la wapendao kwenda kiwanjani na wasiopenda kujificha maktabani. Kila kijana lazima ashuke, mnene kwa mwembamba, hodari kwa mwoga. Lakini mwalimu wetu wa viungo ni mmoja tu, na mikondo ya kidato cha kwanza ni mitatu. Ndiyo maana viranja hutumwa kumsaidia siku ya Jumatano, vipindi viwili vya mwisho, yaani dakika 80.

Mkondo niliopewa ulikuwa na vijana 64, hesabu kamili ya kete za omweso. Mipira ilikuwa mitatu, na mmoja wao ulikuwa na tundu dogo, hata ukiujaza upepo saa nane, saa tisa umelegea kama papai bovu. Huo niliutupa nyuma ya stoo.

Basi nikafanya kama nilivyofundishwa mimi. Nikawapanga safu mbili, 32 huku na 32 kule, kila safu na mpira wake. Kijana wa mbele anarushiwa mpira, anaudaka, anaurudisha, kisha anakwenda nyuma ya safu. Nilikuwa na filimbi shingoni, na kwa mbali nafikiri tulipendeza sana. Lakini hebu tupige hesabu. Ukitoa dakika 20 za kubadili nguo na kuitana majina, zinabaki dakika 60. Kila zamu huchukua kama nukta 15. Kwa hiyo kila safu ilipata zamu 240, na zikigawanywa kwa vijana 32 ni saba na nusu. Maana yake, katika saa nzima, kijana aliushika mpira mara saba, na dakika 58 zilizobaki alisimama kutazama kisogo cha mwenziwe. Tena hapo sijatoa muda wa kufuata mpira uliopotea. Kiwanja chetu, kama mjuavyo, kimelala kwenye mteremko. Juu yetu ni kilima cha Muyenga na matangi yake ya maji, chini yetu ni barabara ya Ggaba. Mpira ukivuka goli la chini hausimami mpaka uwafikie wakaanga chapati.

Hesabu hii sikuipiga wakati ule. Niliipiga baadaye, nilipokuwa na sababu.

Jumatano ya tatu mvua ilikuwa imenyesha mchana. Katika safu ya kushoto alikuwapo kijana mmoja mdogo mwenye miwani. Kila zamu yake ilipofika alifumba macho, akakunja mikono kifuani, na mpira ukampita. Mara ya kwanza wenzake walicheka. Mara ya pili nami nilicheka. Mara ya tatu nikakasirika, nikamwambia, “Fumbua macho, bwana! Mpira hauna meno.” Nikaurusha kwa nguvu kuliko nilivyokusudia; au niseme kweli, kwa nguvu kama nilivyokusudia. Sheria zinataka mpira wa miguu uwe na uzito wa gramu 410 hadi 450 mchezo unapoanza. Ule wetu ni wa zamani, mshono wake umeachia, na siku ile ulikuwa umekunywa maji. Safari hii alikuwa amefumbua macho kama nilivyomwamuru. Ukampiga usoni. Damu ikamtoka puani, na kioo kimoja cha miwani kikavunjika vipande vitatu.

Mwalimu alikuja mbio kutoka kiwanja cha pili, akauliza kumetokea nini. Kabla sijafungua kinywa, yule mtoto akasema, “Nimeteleza, Mwalimu.” Nami nikanyamaza. Wavulana 63 wakanyamaza pamoja nami. Ndivyo ilivyo desturi ya mabweni, na mara nyingi tunaisifu, lakini siku ile niliona haya kuilindwa nayo.

Kwa muda wa wiki mbili aliketi kando ya kiwanja na barua ya mwuguzi. Akisoma darasani alifumba jicho moja.

Katika wiki hizo mbili ndipo nilipoona jambo ambalo nilikuwa nikiliona kila siku bila kuliona. Mpira ulivuka goli la chini, na badala ya kumtuma mtoto nikaufuata mwenyewe, maana sikupenda tena kuwaamuru watu. Nyuma ya vibanda vya chapati kuna uchochoro mpana kiasi cha hatua sita, na humo wasichana wadogo wapata tisa walikuwa wakicheza kwepena. Mpira wao ulikuwa soksi iliyojazwa matambara na mifuko. Wawili walisimama kwenye ncha mbili za uchochoro wakirushiana, na wengine walikuwa katikati wakikwepa. Aliyegongwa alitoka. Mmoja wa waliokuwa katikati alikuwa akijaza mchanga chupani kwa mkono mmoja, na bado akakwepa. Nikasimama na mpira wangu kwapani. Nilihesabu mirusho 40 kabla mwenye chapati hajaniuliza kama nanunua au nazuia wateja. Mirusho 40, na hakuna mtoto aliyesimama bure. Hata waliokwisha kutoka walikuwa wakiokota mpira na kubishana.

Kwepena si mchezo wetu peke yetu. Mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye kwao ni Tanga, alituambia ya kuwa kwao mchezo uo huo huitwa rede, na Wakenya huuita kati, kwa sababu mtu hukaa katikati. Akatukumbusha pia mdako: unachimba kishimo, unatia vijiwe, unarusha kimoja juu, na kabla hakijashuka umekwisha kuvikumba vingine kwa vidole, kisha unakidaka kile cha juu. “Jina lenyewe linatoka katika kudaka, wanangu,” alisema. “Ninyi mnatafuta walimu wa kudaka, na dada zenu wadogo wanawashinda uani.”

Siku ya wageni mama wa yule kijana akaja. Alikuwa amekaa chini ya mwembe na kikapu chake, akiigeuza ile miwani mikononi. Nilizunguka bweni mara mbili. Kisha nikaenda, nikamwamkia, nikamwambia ya kuwa mwanawe hakuteleza. Mimi ndimi niliyempiga na mpira, tena kwa hasira. Nilikuwa na shilingi 30,000 za matumizi ya muhula, nikazitoa. Mama yule alinitazama muda mrefu. Tulisema Kiganda, nami nayaandika maneno yake kwa Kiswahili kama nilivyoyaelewa: “Mwanangu, kioo nitanunua mimi. Wewe mtoe hofu uliyomtia.” Fedha zangu akanirudishia. Jioni ile nilikwenda kwa mwalimu wa viungo nikamweleza na yeye. Adhabu niliyopewa ilikuwa ya haki, na haihitaji kuandikwa hapa.

Sasa nilikuwa na deni ambalo halilipiki kwa shilingi.

Tulianza kwa kukusanya soksi zisizo na wenzi, na kama mmelala bwenini mnajua ya kuwa hazikosekani. Soksi moja hujazwa matambara na kukazwa kwa kamba, kisha huvikwa ya pili na ya tatu, mdomo wa kila moja ukigeuzwa upande mwingine. Tulipata mipira minane. Nikawagawa vijana 64 makundi manane ya watu wanane, nikachora mistari kwa majivu ya jikoni, nikatangaza kwepena. Kicheko kilichotokea kilisikika, nadhani, mpaka Kabalagala. “Kiranja, ni mchezo wa wasichana huo!” Nikawaambia mwenye kuuona mwepesi aingie katikati. Wakaingia wale wakubwa wa mkondo, wenye vifua. Wakagongwa wote katika dakika ya kwanza, maana mtu mnene hukwepa kama kabati.

Yule mwenye miwani alikuwa amepata kioo kipya. Nilimwambia kwa faragha ya kuwa mpira ni wa soksi, nikampa aubonyeze, nikajipiga nao usoni mara tatu mbele yake. Akacheka kidogo. Akaingia katikati, na hapo ndipo nilipoona kitu cha ajabu: hakugongwa. Wenzake walitoka mmoja mmoja, naye akabaki peke yake, akiinama, akipinda kiuno, akiruka. Nilimchunguza macho. Yule niliyemwona akifumba macho mbele ya mpira sasa hakuwa akipepesa. Alikuwa akimtazama mrushaji begani kabla mpira haujatoka, kisha akaufuata mpaka umempita. Ndipo nikaelewa. Mtoto yule alijua kuutazama mpira kuliko wengi wetu, kwa kuwa aliuogopa. Sisi tulikuwa tumemwomba macho na mikono kwa siku moja, na mpira wenyewe jiwe.

Lakini wasomaji wasidhani ya kuwa hapo kazi ilikwisha. Kwa wiki tatu nilijivuna, nikamwita mwalimu aje kuona, naye akatazama kwa dakika kumi, akaniuliza swali moja: “Unawafundisha kuupokea mpira, au kuukimbia?” Nilikosa jibu. Ni kweli, kwepena kama ulivyo hufundisha mwili kukimbia. Warushaji wanapata kulenga na kurusha, na walio katikati wanapata macho na miguu, lakini mikono yao inajifunza kujificha. Mtu aliyezoea hivyo ukimtia katika mpira wa kikapu, pasi ikija ataipisha kama mgeni mlangoni.

Dawa ilikuwamo katika mchezo wenyewe. Wale wasichana wa uchochoroni walikuwa na sheria yao: aliye katikati akiudaka mpira kabla haujagusa chini, anamrudisha mwenziwe mmoja aliyekwisha kutoka. Nilikuwa nimeiona na kuiacha, kwa kuwa niliona inachelewesha mchezo. Tukaitia. Siku ya kwanza hakuna aliyejaribu. Siku ya pili waliokaa nje walianza kumpigia kelele aliyebaki ndani, “Daka! Tuokoe!” Kudaka sasa hakukuwa amri ya kiranja mwenye filimbi, kulikuwa ni kuwakomboa rafiki. Hapo niliona mikono ikianza kutoka kifuani.

Kabla ya kwepena tuliweka mdako, robo saa, wawili wawili juu ya saruji ya varanda, kila jozi na vijiwe vitano. Wengine walinung’unika ya kuwa huo si mchezo wa viungo, maana hakuna jasho. Nami nakiri mdako peke yake haumwongezei mtu pumzi. Lakini hakuna kitu kingine nilichokiona ambacho humlazimisha mtu kukiacha kitu hewani, ashughulike na jingine, na bado mkono urudi kwa wakati wake. Wachezaji wa mpira wa pete hupewa nukta tatu tu za kuushika mpira. Katika nukta hizo wanadaka, wanatazama, wanaamua, wanarusha. Timu ya taifa letu ya mpira wa pete ilipokuwa ya tano ulimwenguni huko Cape Town mwaka 2023, tulishangilia bwaloni mpaka padre akaja kuuliza kama kuna moto. Sitashangaa nikiambiwa ya kuwa vidole vile vilianzia kwenye vijiwe.

Kisha ikaja siku ya wanafunzi wa zamani. Hapa niseme kwa heshima, maana wahusika watasoma. Mzee wetu mmoja alisimama kando ya mstari, akaona vijana wakirusha soksi, akasema kwa sauti ya kutosha ya kuwa enzi zake walicheza kwa mpira wa ngozi, na kwamba yeye hakuchanga fedha ili watoto warudishwe uchochoroni. Nilijaribu kumweleza juu ya hesabu yangu ya zamu saba na nusu. Hakuridhika, na sidhani ameridhika hata leo. Neno lake moja lilikuwa la haki: soksi hairuki ikigonga chini, na anayezoea soksi tu atadanganyika mbele ya mpira wa kweli. Hilo tumelikubali, na nitaeleza tulivyofanya.

Mzee mwingine, mwenye mvi zaidi kuliko wa kwanza, hakusema neno. Alivua koti, akampa mkewe alishike, akaingia katikati. Alikwepa mara mbili, akagongwa mgongoni mara ya tatu, na shangwe iliyopigwa haijapigwa kwa bao lolote mwaka huu. Baadaye aliketi nasi kwenye nyasi akaomba aletewe byayi, yaani maganda makavu ya mgomba. Akayanyunyizia maji kidogo yasikatike, akakunja majani makavu yakawa kama yai la mbuni, akayazungushia yale maganda, kisha akafunga kamba kwenda na kurudi mpaka zikawa kama wavu. Alituambia ya kuwa mpira wa namna hiyo hauendi mbali na mguu, kwa hiyo mtoto hujifunza kukaa nao karibu na kupiga chenga mahali padogo. Chama cha mpira wa miguu cha Uganda kilianzishwa mwaka 1924, lakini yeye alisema ngozi aliigusa kwa mara ya kwanza alipofika shuleni kwetu. Miguu yake ilikuwa imekwisha kusoma kwa migomba. Mpira ule wa byayi tumeuweka katika kabati la vikombe, karibu na ngao ya mwaka jana.

Sasa juu ya neno la yule mzee wa kwanza. Katika muhula wa pili tulipanda ngazi polepole. Kwanza soksi, kisha ule mpira wenye tundu niliokuwa nimeutupa. Nilikwenda nyuma ya stoo nikautafuta katika majani. Kwa kuwa ulilegea, haukuumiza, lakini ulikuwa na ukubwa wa kweli na uliruka kidogo. Mpira mbovu kuliko yote ndio uliotuvusha. Baada ya huo tukaja kwenye mpira wa kikapu, kwepena ile ile, ila sasa hakuna kugonga mtu. Warushaji wanapasiana na walio katikati wanaunyang’anya. Vijana hawakutambua ya kuwa mchezo umebadilika mikononi mwao. Walidhani bado ni kwepena, na wengine wanaudhani hivyo mpaka leo.

Si wote waliofanikiwa. Wako kama kumi ambao bado wanaupisha mpira kama mgeni, na wawili waliotoroka vipindi nikawaandika. Na mkondo wa jirani, ambao kiranja wao aliendelea na safu zake mbili, walitushinda katika mpira wa miguu mabao manne kwa moja. Sikufurahi, wala sitaki kuficha.

Yule wa miwani aliomba mwenyewe kuingia timu ndogo ya bweni letu katika mpira wa kikapu. Alikuwa amefunga miwani kisogoni kwa mpira wa soksi kuukuu, ule wa mdomoni unaovutika. Mama yake alikuja kutazama, akakaa upande wa pili wa uwanja, nami sikuthubutu kwenda kumwamkia mpaka filimbi ya mwisho. Tulishindwa 18 kwa 11. Mwanawe hakufunga hata kikapu kimoja. Lakini mpira ulimfikia mikononi mara 14, nilihesabu kwa vijiwe mfukoni, na mara zote 14 aliudaka.